Sikiliza kimya kilicho kati ya mapigo

Miezi miwili iliyopita niliandika kwenye safu hii kwamba mtu anayefanya mazoezi anaweza kujifunza mengi kwa kuusikiliza moyo wake mwenyewe kwa stethoskopu, kile kifaa cha masikioni ambacho madaktari hukivaa shingoni. Barua zimekuja nyingi. Ya kwanza naijibu kwa kirefu, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho wengine wameuliza kwa vipande.

*

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 52. Nilianza mazoezi miezi minne iliyopita: natembea haraka dakika 20, kisha nakimbia polepole dakika 15. Binti yangu anasomea uuguzi na aliacha stethoskopu yake ya zamani nyumbani. Juzi nilipomaliza kukimbia nikaiweka kifuani. Nilishtuka. Asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa nimesikia sauti mbili za upole, dum-ta, halafu kimya, dum-ta, halafu kimya. Baada ya kukimbia ile ya kwanza ilikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, ya pili naisikia kwa mbali, na kile kimya sikukisikia tena. Nilihesabu mapigo 24 kwa sekunde 10. Nikiamka huwa 68 kwa dakika. Je, moyo wangu una tatizo? Na kama hauna, naweza kutumia sauti hizi kujua kama nafanya mazoezi kupita kiasi?*

Marahaba, mdogo wangu. Kwa maelezo yako, ulichosikia ni moyo ulio kazini. Tena umesikia vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha wodini, kwa sababu umetaja mambo matatu: sauti ya kwanza imepanda, ya pili imebaki nyuma, na kimya kimepungua. Wengi wakishapachika stethoskopu masikioni huhesabu tu, basi.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kuhesabu tu. Nikiwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, mwalimu wetu alimkalisha mwenzetu mmoja kwenye kiti, tukamsikiliza kwa zamu, kisha akamtuma apande na kushuka ngazi za ghorofa mbili mara tatu bila kupumzika. Akarudi anatweta, jasho limemkaa juu ya mdomo. Mwalimu akaniita mimi kwanza. Nilipoweka kile kisahani cha baridi chini ya titi lake la kushoto, sauti ilinipiga masikioni hadi nikarudi nyuma nusu hatua. Mwalimu akauliza, "Umesikia nini?" Nikamtajia namba. Akasema, "Namba hata mshipa wa mkono ungekupa. Nimekuuliza umesikia nini." Nikarudisha kisahani kifuani, na mara hii nikasikiliza.

Sauti hizo mbili ni za milango inayofungwa. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu vya kupokea damu na viwili vya chini vya kuisukuma. Vya chini vikijikaza, milango inayovitenganisha na vya juu hufungwa, na mtetemo wa milango hiyo, wa kuta na wa damu yenyewe ndio "dum". Damu ikishatoka, milango ya kutokea, mmoja wa kuelekea mwilini na mwingine wa kuelekea mapafuni, nayo hufungwa ili damu isirudi nyuma: hiyo ndiyo "ta". Kutoka dum hadi ta moyo unasukuma. Kutoka ta hadi dum inayofuata moyo umelegea na unajaa.

Ukikimbia, adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili, hupanda, misuli ya vyumba vya chini hujikaza kwa ghafla zaidi, na presha iliyomo hupanda kwa kasi, kwa hiyo milango hufungwa kwa kishindo. Isitoshe, kwa kuwa muda wa kujaa umekuwa mfupi, mkazo huikuta milango ikiwa bado wazi, nayo husafiri umbali mrefu kabla ya kukutana. Mlango uliorudishiwa nusu ukiusukuma haupigi kelele. Ulio wazi kabisa upepo ukiupiga nyumba nzima inasikia. Ile "ta" yenyewe hutegemea zaidi presha ya kwenye mishipa mikubwa wakati moyo unalegea, na mtu akikimbia presha hiyo ya chini haipandi sana. Wanaorekodi sauti za moyo kwa maikrofoni wameliona jambo hilohilo uliloliona wewe: kadiri mazoezi yanavyokuwa makali, ndivyo sauti ya kwanza inavyoiacha ya pili.

Sasa tuje kwenye kimya. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila mzunguko una sekunde moja. Kusukuma huchukua zaidi kidogo ya thuluthi ya sekunde hiyo, na sehemu kubwa inayobaki ni ya kulegea na kujaa. Ndiyo maana ukiwa kitandani unasikia ile nafasi waziwazi. Mapigo yakifika 120, mzunguko mzima umebaki nusu sekunde. Muda wa kusukuma umefupika, lakini si sana. Uliokatwa kwelikweli ni muda wa kupumzika. Nafasi mbili zinakaribia kulingana, na sikio linasikia mwendo wa saa ya ukutani, dum, ta, dum, ta, hata ukashindwa kujua ipi ni mwanzo na ipi ni mwisho. Kinachokusaidia hapo ni ule uzito wa sauti ya kwanza. Ukipanda zaidi, kuelekea 170 au 180, kupumzika kunaweza kuwa kufupi kuliko kusukuma.

Kimya hicho kina kazi kubwa. Chumba cha chini cha kushoto, ambacho ndicho kinachobeba mzigo mzito kuliko vyote, hupata sehemu kubwa ya damu yake kinapolegea, kwa sababu kinapojikaza hubana mishipa yake chenyewe. Yaani moyo hula wakati wa kimya. Kila unapoongeza kasi unautaka ufanye kazi zaidi, na papo hapo unaupunguzia muda wa kula. Moyo wenye mishipa safi hutanua mishipa yake na kumudu. Ulio na mishipa iliyosongwa na mafuta hushindwa, ndipo mtu anapohisi kifua kinabanwa akipanda mlima na kuachiwa akisimama. Ukipata dalili hiyo hata mara moja, weka stethoskopu pembeni uende kwa daktari. Kifaa hicho hakiwezi kukuonyesha mshipa ulioziba.

Basi, tukutane na namba zako. Wengi hukadiria kilele cha mapigo kwa kutoa umri kwenye 220, na wewe unapata 168. Hesabu nyingine iliyochapishwa mwaka 2001 inachukua 208 na kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, inakupa karibu 172. Zote mbili ni makadirio, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Mimi napenda zaidi njia ya Karvonen, mtafiti wa Finland, ya mwaka 1957, kwa sababu inaanzia kwenye moyo wako mwenyewe ukiwa umetulia. Toa 68 kwenye 168, unabaki na 100. Hiyo ndiyo akiba yako. Mazoezi ya wastani hutumia asilimia 40 hadi 59 ya akiba, kwa hiyo ni mapigo 108 hadi 127. Kuanzia asilimia 60, yaani 128, uko kwenye mazoezi makali.

Wewe ulihesabu 24 kwa sekunde 10, ambayo ni 144, sawa na asilimia 76 ya akiba. Hayo si ya wastani hata kidogo, ingawa unayaita kukimbia polepole. Sikuzuii, maana Shirika la Afya Duniani linawahesabia watu wazima dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za makali, au mchanganyiko wa hayo. Ila mtu wa miaka 52 mwenye miezi minne tu ya mazoezi ningependa siku zake nyingi ziwe mahali ambapo sekunde 10 zinampa mapigo 18 hadi 21, ambapo kile kimya baada ya "ta" bado kinasikika kwa mbali. Siku moja au mbili za 24 zinatosha. Na kama hujawahi kupimwa presha na sukari tangu uanze, kapimwe kabla ya kuongeza kasi.

Namna ya kusikiliza ina mambo yake. Kabla ya mazoezi kaa dakika 5 bila kuongea. Tafuta mahali chini ya chuchu ya kushoto, kwenye upenyo wa tano kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Mwanamke anyanyue titi, asisikilize juu yake. Weka kisahani kwenye ngozi tupu, maana kitambaa kikisuguana hutoa mikwaruzo inayofanana na sauti za kifua. Ukipapata mahali panaposikika vizuri pakumbuke, usihame. Baada ya kukimbia usisimame ghafla: tembea hatua chache, kisha simama kwa sekunde 10 tu, toa pumzi, tulia bila kujikaza, hesabu, halafu endelea kutembea. Anza kwa sifuri kwenye pigo la kwanza, usianze kwa moja. Fanya haraka, kwa kuwa ukichelewa nusu dakika moyo umeshateremka na hesabu haikuambii tena kuhusu mbio.

Usilinganishe ukubwa wa dum yako na wa mtu mwingine. Unene wa kifua, mapafu, hata ubora wa bomba la kifaa, vyote hubadilisha sauti. Linganisha ya leo na ya wiki jana, mahali palepale, kwa mwendo uleule. Baada ya miezi kadhaa utakuta kilima kilekile ulichokipanda kwa 144 unakipanda kwa 130, na kimya kimerudi kidogo. Siku ukikisikia kimya hicho, niandikie tena.

*

*Dada Muuguzi, nina miaka 34, naruka kamba. Nilisikiliza kama ulivyoelekeza nikapata 44 kwa sekunde 10, nikazidisha nikapata 264. Nimeacha kamba wiki mbili sasa kwa woga.*

Pole sana, mdogo wangu. Umehesabu dum na ta kila moja peke yake. Pigo moja ni dum na ta kwa pamoja, kwa hiyo 44 ni 22, na moyo wako ulikuwa kwenye 132. Kwa umri wako hiyo ni karibu asilimia 71 ya kilele chenyewe, si ya akiba, yaani mazoezi ya wastani kabisa.

Kosa hili halitokei sana mtu akiwa ametulia, kwa kuwa kimya kinamwonyesha wapi pigo linaishia. Hutokea hasa pale nafasi mbili zinapolingana, kama nilivyoeleza hapo juu. Dawa yake ni vidole viwili shingoni, upande mmoja tu na bila kubonyeza sana, huku stethoskopu iko kifuani. Mshipa wa shingo hunyanyuka mara tu baada ya dum. Kila unaponyanyuka, hesabu moja. Ukifanya hivyo siku mbili tatu, sikio litajua lenyewe.

Rudi kwenye kamba. Ila ikitokea siku moyo ukaanza kwenda mbio ghafla ukiwa umekaa tu, ukashindwa hata kuuhesabu, na ukasikia kizunguzungu, huo si wa kusubiri majibu ya gazeti. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

*

*Mama, shikamoo. Saa yangu ya mkononi inasema 92 wakati natembea haraka, masikio yangu yanasema 126. Niamini kipi? Na tena, sauti hazina mpangilio, mara zinakuja tatu za haraka, mara moja inachelewa, nyingine ina nguvu na nyingine hafifu. Nina miaka 61.*

Marahaba. Nusu ya kwanza ya swali lako ningeijibu kwa wepesi kama isingekuwa nusu ya pili. Saa hizi humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyoongezeka na kupungua. Mkono ukicheza, mkanda ukilegea au ngozi ikiwa na baridi, saa hupotea njia. Kwa mtu mwingine ningesema akaze mkanda, basi.

Lakini wewe umeniambia sauti hazina mpangilio na nguvu zake hazilingani. Nakumbuka mzee mmoja wodini. Mimi nilishika kifundo cha mkono wake, mwenzangu akaweka stethoskopu kifuani, tukatazama saa moja ya ukutani na kuanza kwa pamoja. Dakika ilipoisha mimi nilikuwa na 84, mwenzangu 118. Tukarudia, tukapata karibu vilevile. Mapigo zaidi ya 30 yalisikika kifuani na hayakufika mkononi.

Hali hiyo huonekana pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kujikaza, na vya chini vikapiga bila mpango. Pigo linalowahi mno hukuta chumba hakijajaa. Milango hufungwa, sauti husikika, lakini damu iliyosukumwa ni kidogo mno kufika kifundoni. Kwa hiyo huenda masikio yako hayajakosea, na saa nayo haijakosea: inahesabu yanayofika. Hatari yake ni kwamba damu ikizubaa kwenye vyumba vinavyotetemeka huweza kuganda, na donge likienda kwenye ubongo linaleta kiharusi. Hali hii ina matibabu, na watu wengi huishi nayo vizuri wakishajulikana. Lakini lazima ijulikane kwanza.

Nakuomba wiki hii ukafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Mwambie daktari maneno yaleyale uliyoniandikia, hasa kwamba kifua na mkono havikubaliani. Mpaka hapo tembea taratibu tu. Ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi au mdomo ukipinda, usingoje miadi.

*

*Natumia atenololi kwa ajili ya presha. Hata nikikimbia mpaka nachoka, moyo haupiti 105, na ile sauti ya kwanza siisikii ikipanda kama ulivyosema. Mazoezi yananisaidia kweli?*

Yanakusaidia. Dawa yako iko kwenye kundi la beta bloka, na kazi yake ndiyo hiyo: kuuzuia moyo usiitikie adrenalini. Mapigo hayapandi kama zamani na mkazo hauwi wa ghafla, kwa hiyo hata dum hubaki ya upole. Zile hesabu za 220 na 208 ziweke kando, hazikuandikwa kwa ajili ya mtu aliye kwenye dawa hii. Na tafadhali, usiruke kidonge siku ya mazoezi ili upate namba nzuri. Kuacha dawa hizi ghafla kunaweza kuufanya moyo uruke vibaya.

Tumia mdomo wako. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukiongea maneno mawili matatu kisha unavuta pumzi, uko kwenye makali. Ukipenda namba, kuna kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden kinachoanzia 6 na kuishia 20, ambapo mwenyewe unasema unajisikiaje: 6 ni kama umekaa, 13 ni kazi inayoanza kuwa ngumu, 20 ni mwisho wa uwezo. Alianzia 6 ili ukizidisha kwa 10 upate mapigo ya moyo kwa kukadiria, kutoka 60 hadi 200. Kwako kuzidisha huko hakufai, lakini kujisikia kunafaa. Lenga 12 au 13.

*

*Nina miaka 19, nacheza mpira kila siku. Nikilala ubavu wa kushoto nasikia sauti ya tatu ndogo: dum-ta-ta. Pia nimepakua programu ya simu inayorekodi moyo kwa maikrofoni, inaniambia "si kawaida". Siwezi kulala.*

Mwanangu, lala. Kwa vijana na kwa wanamichezo sauti ya tatu hafifu baada ya "ta" ni jambo la kawaida. Ni damu inayoingia kwa kasi kwenye chumba cha chini kinacholegea vizuri, na ukilala ubavu wa kushoto moyo husogea karibu na kifua ndiyo maana unaisikia hapo. Sauti hiyohiyo kwa mtu aliyepita miaka 40 ningeitazama kwa jicho lingine, maana inaweza kuwa ya moyo uliochoka.

Kuhusu simu: kurekodi sauti za moyo si jambo geni, Willem Einthoven wa Uholanzi alishafanya hivyo mwaka 1894. Lakini maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno, na sauti za moyo ni nzito na za chini, nyingi ziko chini ya zile za mtu anapoongea. Simu inachukua pia tumbo, pumzi na vidole vyako. Hesabu ya mapigo inaweza kuipata. Hukumu usiipe.

Lakini nijibu kwa ukweli mambo mawili: je, umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa katikati ya mchezo, si baada yake? Na je, kuna ndugu yako wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, usicheze tena mpaka daktari wa moyo akuone, hata kama sauti zako ni mbili tu. Natamani kila kocha angewauliza wachezaji wake maswali haya mawili kabla ya kuwapa jezi.

*

*Moyo unatakiwa ushuke kwa kiasi gani nikishaacha kukimbia?*

Hesabu mara unapoacha, kisha hesabu tena baada ya dakika 1 huku ukitembea polepole. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu waliopimwa kwenye mashine ya kukimbilia. Wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Ukipata 20 au 30 furahi. Ukipata 12 au chini ya hapo mara kwa mara, mpelekee daktari namba hizo zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Mvuke wa joto, homa, kukosa usingizi na upungufu wa maji huchelewesha moyo kushuka, kwa hiyo siku moja mbaya isikutie hofu.

*

*Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka 73. Natembea kila asubuhi na mjukuu wangu wa miaka 10. Stethoskopu hatuna. Basi sisi hatuwezi?*

Shikamoo bibi. Mnaweza. Mwaka 1816, kule Paris, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa msichana mwenye maradhi ya moyo, na hakuona heshima kumwekea sikio kifuani kama madaktari walivyokuwa wakifanya. Akachukua karatasi, akazikunja zikawa bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Akashangaa kuusikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Stethoskopu ilianza hivyo, kwa karatasi.

Chukua lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kabla hamjatoka, kaa kwenye kiti mahali pasipo na redio, uweke upande mmoja chini ya titi la kushoto, kwenye ngozi, na mjukuu aweke sikio lake upande wa pili. Abane sikio lile lingine kwa kidole. Mwambie asiongee, badala yake agonge meza taratibu kwa kidole kila anaposikia dum. Wewe bibi shika saa na uhesabu mara anazogonga kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mkirudi mfanye tena mara moja kabla hujavua viatu. Halafu muulize kile kimya kiko wapi, kimekuwa kirefu au kifupi. Watoto wa umri huo husikia vizuri sana, naye atakuambia.